Wachanaji Kumi wa Wakati Wote

Nilistaafu miezi mitano iliyopita, na mwenzangu Neema, ambaye sasa anakalia kiti changu pale Nduguti, ameniomba niandike kidogo juu ya kazi ya afisa utamaduni, ili vijana wanaoajiriwa wasianze gizani kama nilivyoanza mimi. Vyeo na mishahara sitavigusa. Viko kwenye faili langu masijala, na anayetaka kuvijua akajaze fomu. Nitaeleza niliyoyasikia, maana kazi hii kwa sehemu kubwa ni masikio.

Watu wengi hawajui afisa utamaduni anafanya nini. Hata mume wangu aliamini kwa miaka mingi kwamba nalipwa kwa kucheza ngoma. Nimeandikisha kwaya ambazo zilivunjika kabla muhuri haujakauka. Nimepatanisha vikundi viwili vilivyogombea ngoma moja, ngoma yenyewe ikiwa imetoboka. Nimekagua vibanda vya video. Lakini mkiniuliza ni kazi gani ilinitoa jasho kuliko zote, nitawajibu bila kufikiri: kuwasikiliza wachanaji, hawa vijana wa hip hop, na kutamka mbele za watu nani ni mkali na nani siyo.

Nilipangiwa Singida mjini nikiwa na miaka ishirini na minne. Siku ya kwanza nilikuta meza yangu ni nusu meza. Nusu nyingine ilikuwa ya afisa michezo, na juu yake kulikuwa na mipira miwili isiyo na upepo. Bosi wangu alikuwa Mzee Ntandu, mtu mfupi, mpole, mwenye koti moja la kahawia alilolivaa jua liwake au upepo uvume. Alinikabidhi vifaa vya kazi: kalamu ya risasi, kengele ya mkononi kama zile za shule, na kinasa sauti cha kaseti ambacho mfuniko wake ulishikiliwa na kipande cha mpira wa baiskeli.

"Peni ya wino ukiiacha juani inavuja," aliniambia. "Kalamu ya risasi haina matatizo. Na ukikosea unafuta."

"Na kengele, mzee?"

"Kengele ni ya kuwaambia watu muda umekwisha. Itumie kidogo."

Alinifundisha mambo ambayo chuoni hawakuyagusa. Usikae mbele ya spika, kaa pembeni, maana spika mbovu humwonea msanii. Usipokee soda kutoka kwa mama wa mshindani, hata ukiwa na kiu ya kufa. Na watu wakitawanyika, usiondoke haraka. Tembea nyuma yao, usikie wanarudia kipande gani. Kile wanachorudia ndicho kilichoshinda, alisema, hata kama alama zako zinasema vingine.

Mwaka wangu wa tatu ikaja barua ya kuandaa shindano la muziki wa kufokafoka. Ndivyo tulivyoiita rap siku hizo. Mimi nililelewa kwenye kwaya kule Iramba, baba yangu akiwa mwalimu wa sauti ya nne, na kwa kweli muziki ule niliuona ni ugomvi wenye vyombo. Lakini barua ni barua. Tulikopa spika kanisani, tukakopa jenereta kwa mwenye mashine ya kusaga, tukaandika matangazo kwa mkono. Mzee Ntandu akapiga chapa kanuni: kila mshiriki dakika tatu, lugha iwe Kiswahili fasaha, matusi marufuku.

Walijitokeza vijana kumi na saba, karibu wote wakiwa na majina ya Kizungu ambayo baadhi yao walishindwa kuyaandika kwenye fomu. Wa mwisho kabisa alikuwa kijana mrefu, mwembamba, kandambili miguuni, mchunga ng'ombe kutoka vijiji vya upande wa Ikungi. Jina lake Selemani. Jina la jukwaani akaandika: Uwele.

Ukumbi ukacheka. Uwele ndio ugali wetu wa kila siku, na mjini watu walikuwa wameanza kuuonea haya. Mgeni rasmi, ambaye alisoma mashairi ya zamani na alikijua Kiswahili cha pwani, ambako uwele ni ugonjwa, akaniinamia akaniuliza kwa wasiwasi, "Huyu kijana anaumwa?"

Selemani akashika maiki. Hakusalimia. Alianza hivi:

"Mnalicheka jina langu, asubuhi mmeninywa uji,
tumbo halijasahau, ila mdomo ndio mjuaji."

Ukumbi ukalipuka. Sijui niwaelezeje pumzi ya yule kijana. Wenzake walikuwa wakikata maneno katikati kutafuta hewa, wakimeza herufi. Yeye alikwenda kama mtu anayeteremka mlima bila kukimbia. Kisha, dakika ya pili ikielekea kwisha, akahama. Akaingia kwenye Kinyaturu. Mimi ni Mnyiramba, Kinyaturu nakipata nusu, lakini nilielewa kwamba anamweleza mama yake, na ng'ombe, na mwaka wa njaa. Wazee waliokuwa wamesimama nyuma, ambao walikuja kusindikiza wajukuu tu, wakaanza kusogea mbele.

Nami nikapiga kengele.

Akasimama. Alinitazama kwa mshangao, kama mtu aliyeamshwa.

"Madam, sijafika mwisho."

"Kanuni inasema Kiswahili. Umetolewa. Kaa chini."

Akaniwekea maiki mezani kwa mikono miwili, kwa adabu, akatoka. Akashinda kijana mmoja wa mjini ambaye jina lake nimelisahau, na nadhani hata yeye amelisahau.

Tulipokuwa tunarudisha spika kanisani, mimi na Mzee Ntandu tukiwa nyuma ya mkokoteni, alisimama tulipofika mlangoni.

"Umemkata mtu kabla hajamaliza," akasema.

"Kanuni, mzee. Umezipiga chapa mwenyewe."

"Nilizipiga wiki iliyopita. Nilikuwa bado sijamsikia."

Hakulirudia tena jambo hilo mpaka alipostaafu na kwenda kulima alizeti zake. Alifariki miaka mingi baadaye, nikaenda kumzika. Ningependa kuwaambia kwamba niliomba radhi kwake au kwa kijana yule. Sikuomba. Nilijiambia kwamba nilifuata kanuni, na kwa afisa kijana hayo ni maneno matamu sana.

Miaka ikapita, na taratibu masikio yangu yakafunguka. Kaseti ikatoka ikaja sidii, sidii ikatoka ikaja flashi, flashi ikamezwa na simu, na mimi nilibaki na kalamu yangu ya risasi. Niliacha kusikia ugomvi nikaanza kusikia vina. Nilijifunza kwamba biti kali huficha mashairi mabovu, kwa hiyo nikaweka utaratibu wangu: kila mshiriki achane mara moja na biti, na mara moja bila kitu. Wengi walikimbia hapo.

Kulikuwa na kesi moja ambayo bado naipenda. Vijana wawili walikuja na mistari ile ile, neno kwa neno, kila mmoja akiapa kwamba ni yake na mwenzake ni mwizi. Mistari ilihusu kiwanda kidogo cha kukamua alizeti. Mashahidi walikuwa wengi pande zote mbili, na wote walikuwa tayari kupigana. Nikawatenganisha, nikamwita mmoja mmoja nje, nikauliza swali moja tu: "Mashine ile ikikamua, mashudu yanatokea wapi?" Wa kwanza akasema juu. Wa pili hakujibu kwa mdomo; alinyoosha mkono ubavuni, akaukunja kidogo, akakung'uta suruali yake kama mtu aliyezoea kumwagikiwa. Nikampa mistari yake. Yule wa juu alinichukia miaka miwili, kisha akaja kuniomba barua ya utambulisho.

Katika miaka hiyo ndipo alipotokea Zuhura wa Utemini, ambaye mnamjua kwa jina la Kokoto. Alikuwa akigonga kokoto na mama yake, na jina akalitoa hapo hapo. Mara ya kwanza nilipomsikia alikuwa amevaa sare ya shule, na alichana taratibu mno, kama anayekueleza jambo la faragha:

"Mchana napasua jiwe, nalo lanipasua kidole,
jioni tunatazamana, hakuna wa kumwambia mwenzake pole."

Niliandika alama, nikafuta, nikaandika kubwa zaidi. Baadaye alirekodi, nyimbo zake zikapigwa redioni, akaitwa Dar es Salaam, akaenda, akarudi, akafungua chumba cha cherehani na kushona sare za wanafunzi. Watu walimhurumia kwa kurudi. Yeye hakuonekana kuhitaji huruma hiyo. Mafundi watatu walikuwa chini yake.

Wilaya ya Mkalama ilipoanza nikahamishiwa Nduguti. Ofisi mpya, rangi mbichi, na ng'ombe waliendelea kupita katikati ya majengo kwa njia yao ya zamani, maana hakuna aliyewapelekea barua. Huko ndiko alikonikuta Neema, ametoka chuo, simu mbili mkononi, anajua kila rapa wa nchi hii na tarehe yake ya kuzaliwa. Alinisalimia shikamoo vizuri sana, kisha akaniuliza kama ofisi ina intaneti. Nikamwonyesha kalamu za risasi.

Mwaka wangu wa mwisho kazini ndipo ikaja ile barua. Kutakuwa na tamasha la utamaduni hapo Nduguti, na ofisi yetu iandae orodha ya wachanaji kumi bora wa mkoa, wa wakati wote. Wakati wote ni mrefu. Nilipewa wiki sita.

Tukaunda kamati ya watu watatu: mimi, Neema, na Fundi Chande wa Utemini, ambaye studio yake ndiyo iliyorekodi karibu kila rapa wa Singida tangu sidii zilipoanza. Chande ni mtu wa sikio kali na ulimi mkali zaidi. Tukakubaliana vipimo: maandishi, pumzi, sauti, na kama mistari imedumu, yaani kama mtu wa kawaida kinyozini anaweza kukumalizia mstari bila kuombwa. Hicho cha mwisho tulikipima kwa miguu. Tuliingia vinyozini, gereji, sokoni, kwenye mashine za alizeti. Neema anaanza nusu ya mstari, kisha tunasubiri. Mistari ya Kokoto ilimaliziwa hata na mwanamke aliyekuwa anapimiwa dengu. Mistari ya mpwa wa mheshimiwa mmoja, ambaye mjomba wake alikuwa amenipigia simu mara tatu, haikumaliziwa na mtu yeyote, na nilimweleza mheshimiwa hivyo hivyo. Tangu siku hiyo aliacha kunipigia, jambo ambalo nalihesabu kama mafao.

Tulipowahoji rapa wenyewe, kila mmoja aliulizwa nani alimfundisha. Ndipo jina likaanza kutokea. Rapa wa Manyoni akasema, "Pumzi nilijifunza kwa dalali mmoja mnadani." Wa Itigi akasema hivyo hivyo. Watano, sita. Kokoto tulimkuta kazini, futi ya kupimia shingoni, akaacha cherehani yake kabisa ili ajibu.

"Namba moja wekeni Uwele," alisema. "Mnamjua Uwele? Yule dalali wa mnada wa ng'ombe kule jirani na Mkiwa. Nilikuwa nakwenda kila Alhamisi kumsikiliza tu. Nilikuwa hata sina kuku wa kuuza."

Mimi nilijua. Kalamu ilikuwa mkononi na sikuandika kitu.

Njiani Neema alikuwa amewaka. "Madam, hii ndiyo orodha yenyewe! Mtu ambaye hajawahi kurekodi, amewafundisha wote! Namba moja, tumemaliza."

Chande akaguna. "Hana wimbo hata mmoja. Tunampa nafasi kwa lipi, kwa hadithi? Kesho nikiambiwa kuna mzee kule Sepuka alikuwa anachana usingizini, naye nimweke?"

Wakanigeukia niamue. Ikabidi niwaambie. Niliwasimulia kengele, Kinyaturu, maiki iliyowekwa mezani kwa mikono miwili. Neema aliniangalia kana kwamba nimemwambia nimewahi kufungwa.

"Kwa hiyo hakurekodi kwa sababu yako?" akauliza.

"Sijui. Ndicho ninachokiogopa."

Alhamisi tulikwenda. Mnada ulikuwa umechangamka, vumbi, nyama choma, wachungaji wamejifunga shuka, malori yamepanga mstari. Sauti yake niliisikia kabla sijamwona. Amenenepa, ana kofia ya pama, ana mvi za mwanzo. Fimbo mkononi, anamzunguka ng'ombe mmoja mweusi:

"Jike hili jeusi, halijui uasi,
limezaa mwaka wa ukame na bado lina nafasi.
Mwenye shaka asogee, ashike nundu, asichelewe,
hili halikuota tu, limelelewa kwa uwele."

Ng'ombe akauzwa. Nikasogea. Alinitambua mara moja, akavua kofia.

"Shikamoo madam."

"Marahaba, Selemani. Umenikumbuka?"

"Nitakusahauje? Wewe ndiye wa kengele."

Nilikuwa nimeandaa maneno tangu Nduguti, lakini yalitoka bila mpangilio. Nilimwambia kwamba siku ile nilimkosea. Kwamba kanuni ilikuwa kisingizio. Ukweli ni kwamba niliona ukumbi umenitoka mikononi, nikaogopa. Nikamwomba msamaha pale pale, huku wafugaji wakitupita na mbuzi. Alinisikiliza bila kunikatiza.

"Uliponitoa nilikwenda kunywa chai," akasema mwishowe. "Nilikasirika, sikatai. Nikakasirika mpaka mwezi ukaisha. Halafu dalali wa hapa akaugua, wakasema Selemani ana mdomo, ajaribu. Madam, mimi hapa nina nyumba, nina watoto wanne, na kila Alhamisi watu mia kadhaa wananyamaza nikiongea. Ulidhani ninakaa nalia?"

"Nilidhani," nikasema.

Akacheka mpaka akakohoa. Nikamuuliza jambo lililokuwa limenikaa moyoni miaka yote: ile sehemu ya Kinyaturu, mwisho wake ulikuwaje?

Alifikiri. Alijaribu kweli, niliona midomo yake inatafuta.

"Nimesahau," akasema. "Nilikuwa na miaka kumi na tisa."

Basi nikamweleza habari ya orodha. Hapo uso wake ukabadilika, akavaa kofia yake tena.

"Mnataka kuniweka namba moja kwa sababu ulinionea?"

Neema akajibu haraka, "Kwa sababu umewafundisha wote!"

"Binti, mwalimu wangu wa hesabu alifundisha watu mpaka wakawa wahasibu, yeye mwenyewe hakuwa mhasibu." Akanigeukia mimi. "Madam, kama umekuja kunifuta machozi, nimekwambia sina. Kama umekuja kusikiliza, subirini mnada upungue. Nitachana, na mtanipa alama kama mtu mwingine yeyote. Nataka alama zangu. Zile sikuzipata."

Tukasubiri. Saa nane mchana tukakaa kwenye kivuli cha lori, Chande akawasha simu yake kurekodi, mimi nikafungua daftari. Selemani akasimama katikati ya mavi ya ng'ombe na maganda ya muwa, akachana dakika ishirini na mbili. Kiswahili, Kinyaturu, na kipande cha Kigogo alichokiokota kwa wanunuzi wa Manyoni. Madereva walishuka kwenye malori. Hakuna aliyemzuia, na alisimama mwenyewe alipoona amefika.

Sasa nawaambia ukweli, kwa sababu ndio maana naandika. Pumzi yake ilikuwa ile ile, na sijawahi kusikia mfano wake, wala sitegemei. Sauti imekomaa, ina kutu nzuri. Lakini maandishi yalikuwa na mashimo. Dakika nyingi alijaza na maneno ya mnada, yale ya kuzungusha wateja. Vina vingine alivilazimisha. Kipande juu ya mama yake kilinitoa machozi, kisha akakiharibu kwa mzaha ambao madereva waliupenda na mimi sikuupenda. Niliandika yote hayo.

Kwenye gari kila mmoja alijumlisha alama zake peke yake, bila kuchungulia. Tukaziweka pamoja na za wengine. Chande, aliyekuja akiguna, alikuwa amempa zaidi yangu. Selemani akaangukia nafasi ya nne.

Neema alitupa karatasi kwenye kiti. "Madam, unamkata mara ya pili?"

Swali lile lilinichoma, sitaficha.

"Mara ya kwanza sikumsikiliza," nikamwambia. "Leo nimemsikiliza. Nikimpa namba moja ambayo sikuisikia, nitakuwa nimempigia kengele tena, ila kwa upole."

Neema akaiokota karatasi yake. Jioni ile alizirudia alama zake mwenyewe mara mbili, labda akitafuta kosa, na hakulipata.

Nilimpigia Selemani kesho yake. Sikutaka ayasikie kwa watu.

"Ya nne kati ya wangapi?" akauliza.

"Kati ya wote. Tangu muziki huu ulipoingia mkoani."

"Na wa kwanza?"

"Kokoto."

Nikasikia ng'ombe nyuma yake. "Hapo mmesikia vizuri. Yule binti nilimpa pumzi. Maneno alikuja nayo kwao." Kisha akauliza nilimpa ngapi kwenye maandishi, nikamtajia, na akanibishia kwa robo saa nzima, mstari kwa mstari, akitetea vina vyake. Nilikaa kitandani nikibishana na dalali juu ya vina, na nilijiona nimepona kitu ambacho sikujua kinaitwaje.

Siku ya tamasha, uwanja wa Nduguti ulijaa. Kokoto alipoitwa kwanza alikataa kupanda mpaka Uwele apande naye. Wakachana pamoja, Kokoto taratibu, Uwele kama mteremko, wakipokezana bila kuambizana. Wazee, vijana, watumishi wenye vitambulisho shingoni, wote walikuwa wamesimama. Chande alirekodi vizuri safari hii. Wimbo huo sasa upo, na najua wengi wenu mnao kwenye simu.

Orodha haikumridhisha mtu, na nadhani ndivyo inavyotakiwa. Jamaa mmoja wa Itigi alipiga simu ofisini wiki nzima kumtetea kaka yake. Waliokosa walisema tulihongwa. Waliopata walisema tumechelewa. Tuliibandika kwenye ubao wa matangazo nje ya ofisi, kati ya tangazo la chanjo ya mifugo na lile la zabuni, na kabla ya Ijumaa mtu alikuwa ameongeza namba kumi na moja kwa peni, akajiandika mwenyewe. Wiki iliyofuata walikuwa kumi na tisa. Neema akataka kuibandua, nikamkataza. Ubao ni wa wananchi.

Wiki yangu ya mwisho kazini nilifika asubuhi nikamkuta Neema amesimama mbele ya ubao, mkono mdomoni. Mtu fulani, mpenzi wa Uwele bila shaka, alikuwa ameikata ile nne kwa wino mwekundu na kuandika moja, kubwa, ameizungushia duara. Chini yake palikuwa na mwandiko mwingine, wa bluu, mzito, wa mtu asiyeandika mara kwa mara. Neema akaniambia kwamba jana yake mchana, nilipokuwa benki, Selemani alipita ofisi ya mifugo kugongewa muhuri wa kibali cha kusafirisha ng'ombe, kisha akaingia kwetu akaazima peni kwake bila kusema ya nini.

Ile moja nyekundu ilikuwa imekatwa, nne imerudishwa, na pembeni ameandika: "Ni nne. Mimi nilikuwepo. Uwele."